Eduardo Mondlane: Msomi aliyeuawa kwa bomu ndani ya kitabu

Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 3 Februari 1969, Dk. Eduardo Mondlane alichukua barua zake jijini Dar es Salaam, akaenda nazo kwenye nyumba ya rafiki yake huko Oysterbay, karibu na bahari. Alipenda kufanyia kazi pale kwa sababu palikuwa na utulivu kuliko ofisini. Katika barua zile kulikuwa na kifurushi chenye kitabu. Mondlane alikuwa mtu wa vitabu maisha yake yote. Alipokifungua, kikalipuka. Alifariki papo hapo, akiwa na umri wa miaka 48.

Msikilizaji, siku hizi katika taarifa za habari za kimataifa unasikia maneno vita mseto. Wengi mmenipigia simu kuuliza maana yake. Kwa kifupi, ni vita ambavyo adui hatumii bunduki peke yake. Anatumia pia majasusi, fedha, uvumi, vitisho, mgawanyiko wa kikabila, hata kitu cha kawaida kama barua au simu. Ukisikia hivyo unaweza kudhani ni mambo mapya ya Ulaya na kompyuta. Lakini vilishafika hapa Tanzania zaidi ya miaka 50 iliyopita, na Mondlane ndiye aliyelipa kwa uhai wake.

Mtoto wa chifu aliyechunga mifugo

Mondlane alizaliwa tarehe 20 Juni 1920 katika eneo la Manjacaze, mkoa wa Gaza, kusini mwa Msumbiji. Baba yake alikuwa chifu wa Watsonga. Baba alifariki Eduardo akiwa bado mdogo, na kama watoto wengi wa Hanang na Mbulu, utoto wake aliupitisha malishoni akichunga mifugo ya nyumbani. Mama yake ndiye aliyesisitiza kwamba mtoto huyu lazima aende shule.

Msumbiji ilikuwa chini ya Ureno. Wananchi walilazimishwa kufanya kazi kwenye mashamba na barabara, na katika maeneo mengi walilazimishwa kulima pamba kwa bei iliyopangwa na wengine. Shule kwa Mwafrika zilikuwa chache. Mondlane alianza katika shule ya wamisionari wa Kiswisi, kisha akaenda shule ya kilimo ya Wamethodisti huko Cambine. Huko alijifunza kilimo cha maeneo yenye mvua haba, na baadaye akarudi kuwafundisha wakulima wa kwao. Kabla ya kuwa daktari wa falsafa na kiongozi wa vita, huyu alikuwa bwana shamba.

Kiu ya elimu ikampeleka Afrika Kusini. Mwaka 1948 aliingia Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Mwaka huo huo serikali ya ubaguzi wa rangi ilishika madaraka, na mwaka 1949 ikakataa kumwongezea kibali cha kuishi. Alirudi nyumbani, na huko polisi wa Ureno wakamkamata na kumhoji. Walitaka kujua habari za umoja wa wanafunzi Waafrika alioshiriki kuuanzisha. Kuanzia hapo jina lake likaingia kwenye majalada yao.

Kutoka Lisbon hadi Umoja wa Mataifa

Mwaka 1950 alikwenda kusoma Lisbon, mji mkuu wa Ureno. Huko alikutana na vijana kutoka makoloni mengine ya Ureno, wakiwamo Amílcar Cabral wa Guinea-Bissau na Agostinho Neto wa Angola, ambao baadaye nao waliongoza vita vya ukombozi. Lakini polisi wa siri wa Ureno, waliojulikana kwa jina la PIDE, hawakumpa nafasi ya kupumua. Mwaka 1951 akahamia Marekani.

Alihitimu Chuo cha Oberlin, jimbo la Ohio, mwaka 1953, kisha akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Northwestern. Mwaka 1956 alimuoa Janet Johnson, Mmarekani, wakajaliwa watoto watatu. Kuanzia mwaka 1957 alifanya kazi Umoja wa Mataifa, katika idara iliyoshughulikia nchi zilizokuwa chini ya udhamini, Tanganyika ikiwa mojawapo. Ndipo alipofahamiana na Julius Nyerere, aliyekuwa akienda New York kudai uhuru wetu.

Mwaka 1961 alizuru Msumbiji akiwa na kinga ya mtumishi wa Umoja wa Mataifa. Watu walijaa kumwona na kumweleza mateso yao. Kumbukumbu ya Mueda ilikuwa bado mbichi: tarehe 16 Juni 1960 askari wa Ureno walikuwa wamewafyatulia risasi wananchi waliokusanyika huko, na Wamakonde wengi wakavuka mto Ruvuma kuingia upande wetu. Baada ya safari ile Mondlane aliacha kazi ya Umoja wa Mataifa. Alifundisha kwa muda Chuo Kikuu cha Syracuse huku akijiandaa kwa kazi nyingine.

Dar es Salaam, makao ya ukombozi

Tarehe 25 Juni 1962, vyama vitatu vya Wamsumbiji waliokuwa uhamishoni viliungana jijini Dar es Salaam, vikawa FRELIMO. Mondlane alichaguliwa kuwa rais wake, na mwaka uliofuata familia ikahamia Dar.

Kazi ya kwanza aliyoipa uzito ilikuwa shule. Taasisi ya Msumbiji ilifunguliwa jijini Dar es Salaam, mkewe Janet akiiongoza, ili vijana wakimbizi wapate elimu ambayo Wareno waliwanyima. Baadaye FRELIMO ilikuwa pia na hospitali Mtwara. Mondlane aliamini kwamba bunduki peke yake haijengi nchi, kwa hiyo watu lazima waandaliwe kabla ya ushindi.

Hata hivyo bunduki nazo zilikuja. Wapiganaji wa kwanza walipata mafunzo Algeria, kisha Tanzania ikatoa kambi. Mojawapo ilikuwa Kongwa, mkoa wa Dodoma, ambako kutoka Kiteto, humu humu mkoani kwetu Manyara, ni kuvuka tu mpaka wa wilaya. Tarehe 25 Septemba 1964 mashambulizi yalianza huko Chai, jimbo la Cabo Delgado. Kufikia mwaka 1968 FRELIMO ilishika sehemu kubwa za vijijini katika Cabo Delgado na Niassa, na mwezi Julai mwaka huo ikafanya mkutano wake mkuu wa pili ndani ya Msumbiji yenyewe, huko Matchedje.

Ureno ilikuwa na ndege na maelfu ya askari, lakini porini haikuweza kuwamaliza wapiganaji. Ikabidi itafute njia nyingine.

Ufa ndani ya nyumba

Hapa ndipo tunapouona mseto wenyewe. Ndege za Ureno zilidondosha vipeperushi vijijini vikiwataka watu wajisalimishe. Wanavijiji walihamishiwa kwenye vijiji vya ulinzi ili wapiganaji wakose chakula na habari. PIDE ilipenyeza watu wake, ikanunua taarifa, ikajua nani anaishi wapi na nani hapatani na nani.

Lakini tuseme ukweli wote. Si kila nyufa ndani ya FRELIMO zilitengenezwa na Wareno. Nyingine zilikuwapo tayari. Kulikuwa na watu wa kaskazini walioona kwamba wao ndio wanaokufa vitani huku watu wa kusini wakishika uongozi. Kulikuwa na wanafunzi waliokataa kupelekwa jeshini, na waliolalamikia walimu wazungu. Kulikuwa na maneno kwamba Mondlane, kwa kuwa amesoma Marekani na ameoa Mmarekani, ni wakala wa Marekani. Kulikuwa na Lázaro Nkavandame, kiongozi wa Cabo Delgado, aliyegombana na wenzake kuhusu biashara katika maeneo yaliyokombolewa.

Mwaka 1968 ulikuwa mwaka mbaya. Mwezi Machi vurugu zilizuka katika Taasisi ya Msumbiji, shule ikafungwa. Mwezi Mei kundi la watu lilivamia ofisi ya FRELIMO jijini Dar es Salaam, na Mateus Muthemba, mmoja wa wanachama, akapoteza maisha. Mwezi Desemba, Paulo Kankhomba, kamanda wa FRELIMO, aliuawa mpakani alipokuwa akivuka kwenda Cabo Delgado, na wafuasi wa Nkavandame ndio walionyoshewa kidole. Mwezi Januari 1969 FRELIMO ilimsimamisha Nkavandame kazi zake.

Wazee wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwanzoni mwa Februari 1969 nyumba ile ilikuwa na nyufa nyingi, na adui alikuwa anachungulia.

Kifurushi

Aliyepanga mauaji yale alimjua vizuri Mondlane. Alijua kwamba ni msomi, kwamba hutumiwa vitabu na marafiki kutoka nchi nyingi, na kwamba kitabu hakitamshtua. Alijua pia kwamba barua zake humfikia mkononi. Bomu lilifichwa ndani ya kitabu cha mwanafalsafa wa Urusi, Plekhanov, kilichotafsiriwa kwa Kifaransa. Kwa msomi kama yeye, kitabu hicho kilikuwa kitu cha kawaida kabisa.

Polisi wa Tanzania walifanya kazi kubwa wakisaidiwa na wataalamu wa nje. Mabaki ya bomu yalionyesha betri zilizotengenezwa Japani, na ufuatiliaji ukafika kwenye duka moja la Lourenço Marques, mji ambao leo unaitwa Maputo na ambao wakati huo ulikuwa mikononi mwa Wareno. Vifurushi vingine vya vitabu vyenye mabomu, vilivyolengwa kwa viongozi wenzake Uria Simango na Marcelino dos Santos, viligunduliwa kabla havijaua mtu.

Lawama kuu imebaki kwa PIDE. Jina linalotajwa mara nyingi kuhusu utengenezaji wa bomu hilo ni la Casimiro Monteiro, mtu wa PIDE anayetajwa pia katika mauaji ya Jenerali Humberto Delgado, mpinzani wa serikali ya Ureno aliyeuawa mwaka 1965. Swali gumu zaidi ni nani, upande wa Dar es Salaam, aliyesaidia kifurushi kipite hadi mkononi mwa Mondlane. Majina yametajwa kwa miaka mingi, lakini hakuna aliyewahi kufikishwa mahakamani na kuhukumiwa kwa kifo hicho. Kwa familia yake, na kwa nchi mbili zilizompenda, hesabu hiyo haijafungwa.

Alizikwa makaburi ya Kinondoni, Mwalimu Nyerere akiwa miongoni mwa waombolezaji. Miaka kumi baadaye, mwaka 1979, mabaki yake yalihamishiwa Maputo.

Waliomuua walipata nini?

Kwa muda mfupi walipata walichotaka. Uongozi wa FRELIMO uliingia kwenye mgogoro wa kurithi kiti. Miezi michache baada ya mauaji, Nkavandame alijisalimisha kwa Wareno, nao wakalitumia jina lake kuwashawishi Wamakonde waache vita. Simango naye alitofautiana na wenzake hadi akaondolewa.

Lakini kazi haikufa na mtu. Samora Machel alichukua uongozi mwaka 1970, vita vikaendelea, na tarehe 25 Aprili 1974 wanajeshi wa Ureno waliochoshwa na vita vya Afrika wakaipindua serikali yao wenyewe. Msumbiji ikapata uhuru tarehe 25 Juni 1975, miaka 13 kamili tangu siku FRELIMO ilipoundwa Dar. Kitabu alichokiandika Mondlane kuhusu mapambano ya nchi yake kilichapishwa mwaka ule ule aliouawa. Tarehe 3 Februari ni Siku ya Mashujaa nchini Msumbiji, na chuo kikuu kikongwe cha Maputo kinaitwa kwa jina lake.

Cha kusikitisha ni kwamba silaha ile ile ilimfuata hadi kwenye chuo hicho. Tarehe 17 Agosti 1982, Ruth First, mwandishi na mpinzani wa ubaguzi wa rangi kutoka Afrika Kusini aliyekuwa akifanya kazi hapo, alifungua barua iliyotumwa na maofisa wa usalama wa makaburu. Nayo ililipuka, ikamuua.

Na silaha hiyo haijazeeka. Tarehe 17 Septemba 2024 maelfu ya vifaa vidogo vya kupokea ujumbe, vinavyoitwa peja, vililipuka kwa wakati mmoja nchini Lebanon. Vilikuwa vya kundi la Hezbollah, lakini miongoni mwa waliokufa walikuwamo watoto. Israel baadaye ilikiri kuhusika. Utaona kwamba mbinu ni ile ya mwaka 1969. Mtu haingiliwi kwa kuvunjiwa mlango, bali anapokea kifo kwa mkono wake ndani ya kitu anachokiamini.

Kifurushi chetu ni kipi?

Unaweza kusema, mimi ni mkulima wa Hirbadaw, nani atanitumia bomu? Ni kweli. Lakini kila siku vifurushi vinaingia kwenye simu zetu, na vimetengenezwa kwa akili ile ile. Anayetaka kukuibia anaanza kwa kujifunza unachokiamini na unachokitarajia.

Msikilizaji mmoja, mzee wa makamo, alinisimulia yaliyomkuta. Alikuwa ameuza ng'ombe wawili mnadani na alikuwa amemwahidi mwanawe ada ya shule. Jioni ile ile ukaja ujumbe ukimtaka ile hela aitume kwenye namba nyingine. Hakukuwa na jina. Yeye akadhani ni mwanawe, akatuma. Mwanawe alipopiga simu kesho yake kuulizia ada, fedha zilikuwa zimeshatolewa. Tapeli hakuwa na habari zozote za ng'ombe wala ada. Alirusha ujumbe ule ule kwa watu wengi, akingoja mmoja ambaye alikuwa na hela ya kutuma siku hiyo.

Basi tuchukue haya machache kutoka kwenye maisha ya Mondlane.

Kwanza, jambo likiwa la kawaida mno, na lina fedha au siri ndani yake, simama kidogo. Mpigie mhusika kwa namba yake uliyoizoea, si kwa namba iliyokuja na ujumbe. Namba ya siri ya akaunti yako ya simu usimpe yeyote, hata akijitambulisha kuwa mfanyakazi wa kampuni. Ujumbe wa kitapeli uupeleke namba 15040. Piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, maana laini usiyoijua inaweza kukuletea polisi mlangoni kwa kosa la mtu mwingine.

Pili, mizigo. Sisi huku tunatumiana vitu kwa basi na bodaboda. Mtu usiyemjua akikuomba umfikishie mfuko wake Babati au Arusha, mwambie aukatie risiti stendi, wewe usiubebe. Mzigo usio na mwenyewe usiuguse. Toa taarifa kituo cha polisi au piga 112, namba ya dharura.

Tatu, na hili ndilo kubwa, ni nyufa. Kwenye makundi ya WhatsApp hutumwa sauti zisizo na mwenyewe zikisema kabila fulani limefanya hivi, wafugaji wa upande fulani wamepanga vile. Malalamiko ya mipaka na malisho kwetu yapo, na mengine ni ya haki kabisa. Hayo yapelekwe kwenye baraza la kijiji, yasemwe mchana mbele ya watu, wazee wakiwapo. Yakibaki kuzunguka gizani kwenye simu, yeyote mwenye nia mbaya atayakuta tayari na kuyatumia. Cabo Delgado, pale pale vita vya Mondlane vilipoanzia, tangu Oktoba 2017 inateswa na vita vingine vya waasi. Mwezi Oktoba 2020 vilivuka Ruvuma, wananchi wa kijiji cha Kitaya, Mtwara, wakashambuliwa. Vita vya jirani si habari za mbali.

Mondlane hakuwa mzembe. Alijua anatafutwa, na wenzake walishauawa kabla yake. Lakini kiongozi hawezi kuacha kupokea barua, kama vile wewe huwezi kuacha kupokea simu. Kinga yake ingetoka kwa watu waliomzunguka: aliyepokea kifurushi, aliyekibeba, aliyekiona na kukiacha kipite. Ndivyo ilivyo nyumbani kwako pia. Leo jioni, kaa na bibi, babu na vijana wa nyumba, mkubaliane kwamba kabla mtu hajatuma fedha kwa ujumbe wa simu, atamuuliza kwanza mmoja wenu.

Kama nawe yamekukuta, au una swali kuhusu vita mseto, tutumie ujumbe studioni. Tutayajibu hewani bila kutaja jina lako.